Kioo Cheusi cha Mama Mbwana

Mwanaidi alianza kupiga taipu akiwa na miaka ishirini na moja, na leo ana hamsini na tatu, hajawahi kuishi kwa kazi nyingine. Kwao ni Kondoa, upande wa Kolo, ambako baba yake alilima mtama na alizeti mlimani na hakuona ajabu kumpeleka binti yake kusomea uhazili. Huko chuoni walijifunzia kwenye mashine kuukuu ambazo herufi za vibonyezo vyake zilikuwa zimefutika kabisa. Wanafunzi walilalamika. Mwalimu wao alifurahi, maana hakutaka mtu atazame vidole. Ndivyo Mwanaidi alivyojifunza kuandika huku macho yakiwa kwenye karatasi na vidole vikijiendea vyenyewe.

Alifanya kazi ya ukatibu muhtasi Dodoma mjini kwa miaka mingi, mpaka ofisi ilipopunguza watu. Mumewe Nurdini ni fundi cherehani. Wakapanga fremu moja ya duka mtaa wa Kikuyu, mbele wakaweka cherehani na meza ya kukatia vitambaa, nyuma wakaweka kompyuta, printa na mashine ya fotokopi. Watu wakamzoea. Wanafunzi walileta ripoti zao, vikundi vya akina mama vikaleta katiba zao, makanisa ya jirani yakaleta ratiba za ibada, na kila mtu alimwita Mama Mbwana, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Miaka minane iliyopita alikuja mwanafunzi mmoja, Zablon, kijana wa Kigogo kutoka Haneti, na ripoti yake ya mwisho wa masomo. Siku hiyo kompyuta ilikuwa imejaa virusi vilivyoletwa na flashi za wateja, na Mwanaidi alikuwa amekata tamaa nayo. Zablon aliomba akae nayo jioni moja. Akafuta kila kitu, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

"Mama, sasa hizo flashi walete wanavyotaka," alisema. "Virusi vyao havitakusumbua."

Na kweli havikumsumbua tena. Zablon alimaliza chuo, akaajiriwa kuhudumia kompyuta kwenye chuo kimoja mjini, akapanga chumba Miyuji. Kila alipopita Kikuyu aliingia kusalimia.

Macho ya Mwanaidi yalianza kumsaliti kidogo kidogo, tena kwa pembeni. Alikuwa akijigonga nyonga kwenye kona ya meza ya kukatia, meza ambayo aliizunguka kila siku. Siku moja alimimina chai kando ya kikombe, ikamwagika mezani, na yeye akaendelea kumimina. Nurdini akamshika mkono taratibu, akaichukua chupa. Kesho yake walikwenda hospitali, na daktari wa macho akamweleza kuwa ana presha ya macho.

"Kilichokwisha kupotea hakirudi, mama," daktari alimwambia. "Kilichobaki ndicho tutakachokilinda. Matone asubuhi na jioni, usikose hata siku moja."

Hakukosa. Lakini uwanja wa kuona ulikuwa umeshapungua, na alichobakiwa nacho ni kuona kama mtu anayechungulia chumba kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Akitazama mbele alikuwa anaona. Pembeni hapakuwa na kitu, na mwanga mweupe ulimchoma.

Sasa fikiria kioo cha kompyuta yake kilivyokuwa. Nyuma kulikuwa na picha ya maua, mekundu na manjano. Ubavuni kulikuwa na safu ya vijipicha kumi na kitu. Juu, kwenye kona, taarifa zilikuwa zikijitokeza na kupotea. Kishale cha mausi alikitafuta kama Nurdini anavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni, huku mteja amesimama anasubiri. Tena mashine yenyewe ilikuwa imezeeka. Kila ilipojisasisha ilizidi kuwa nzito. Ukiifungulia programu ya kuandikia, ungeweza kumsalimia mteja, ukamuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, na bado ukurasa haujafunguka.

Katika hali hiyo alikuwa na kazi ya Mwalimu Yoramu. Mzee huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa Haneti, mwenye miaka sabini na tisa, aliyeandika kwa mkono historia ya visima na shule za kwao, madaftari makubwa matatu yaliyojaa mpaka pembezoni. Alikuwa akikaa kwa binti yake Miyuji ili kitabu kichapwe. Mwanaidi alikuwa ameshapiga kurasa mia moja na arobaini.

Siku moja Mwalimu alikuja na karatasi alizopewa kusahihisha. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Kisiwa cha kwanza cha Haneti kilichimbwa na wanaume kumi na wawili.'" Akainua kichwa. "Binti yangu, Haneti tumepata shida nyingi, lakini kisiwa hatujawahi kuwa nacho."

Mwanaidi alicheka, na Nurdini akacheka, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Ila kulikuwa na makosa mengine. Mistari ilikuwa imerukwa. Aya moja ilikuwa imepigwa mara mbili. Jina la mama yake Mwalimu lilikosewa kwa namna tatu tofauti. Mzee hakugomba, aliyawekea alama kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea, akaaga.

Alipoondoka, Mwanaidi aligeukia ukutani. Nurdini alisimamisha cherehani.

"Jumatatu nitamrudishia madaftari yake," Mwanaidi alisema. "Na hii mashine tuiuze, Baba Mbwana. Nimefika mwisho."

Nurdini si mtu wa maneno. Hakumbishia wala hakumbembeleza. Alitoka nje, akasimama barazani, akampigia Zablon simu.

Zablon alikuja Jumamosi asubuhi, na begi lake mgongoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za Miyuji?"

"Njema tu. Baba kanieleza. Naomba ufanye kazi kama kawaida, mimi nikae hapa nyuma yako nitazame."

Alikaa kwenye kigoda karibu nusu saa. Alimwona anavyosogeza pua kwenye kioo, anavyoyumbisha mausi huku na huku kutafuta kishale, anavyofunika jicho moja kwa kiganja picha ya maua inapojitokeza. Kisha akauliza:

"Mama, kwa siku nzima, humu unatumia nini na nini?"

Mwanaidi alifikiri. "Naandika. Nachapisha. Nafungua flashi za wateja. Na barua pepe, mara mojamoja."

"Na haya mengine yote?"

"Hayo sijui hata ni ya nini. Niliyakuta."

Zablon aliinamisha uso. "Ni mimi niliyekuwekea. Nilikuwa kijana, nikadhani nikikujazia vitu vingi ndiyo nimekushukuru vizuri. Leo tuvitoe. Lakini sitoi kitu bila kukuuliza."

Wakaanza. Maua yalikuwa ya kwanza kuondoka, na palepale Mwanaidi alishusha pumzi. Ikafuata safu ya vijipicha. Zikatoka programu za filamu, za miziki, za kupanga picha. Ilikuwepo programu ya hali ya hewa ambayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa ikitangaza mvua ya mji ambao hakuna aliyejua uko nchi gani. Ikatoka. Zablon alitaja jina, akaeleza kazi yake kwa maneno mawili, akasubiri Mwanaidi aseme "toa".

"Na huu mchezo wa karata? Nani anaucheza?"

Mwanaidi na Zablon waligeuka pamoja. Nurdini aliinamia kitambaa chake kama mtu aliyepata mshono mgumu.

"Huo uache," alisema bila kuinua macho.

Ilipofika zamu ya programu kubwa ya barua, ambayo Mwanaidi hakuwahi kuifungua kwa kuwa barua zake alizisomea mtandaoni, Zablon aliiondoa, kisha akaandika amri ya kusafisha mabaki. Orodha ndefu ikapita kiooni haraka. Mashine ikauliza kama aendelee. Alikuwa ameshazoea kujibu ndiyo, akajibu ndiyo, hakuisoma orodha mpaka mwisho. Alipomaliza akaizima kompyuta na kuiwasha upya, waone imekuwa nyepesi kiasi gani.

Iliwaka, na kioo kikabaki cheusi. Juu, upande wa kushoto, kulikuwa na mstari mmoja wa herufi nyeupe, na kidoa kinachowaka na kuzimika.

Zablon aliondoa mikono kwenye kibodi. Mwanaidi alimfahamu vya kutosha kujua kuna jambo.

"Zablon. Kitabu cha Mwalimu?"

"Kipo, mama. Mafaili yako hayajaguswa. Ila nimeondoa zaidi ya nilivyokusudia. Ile programu ya barua ilikuwa imefungamana na mazingira yote ya kufanyia kazi, madirisha na vijipicha vyake vyote. Nilipoitoa, mashine ikadhani na mengine hayahitajiki, ikayafagia yote. Hata cha kuunganishia mtandao kimekwenda."

"Umevuta uzi mmoja, pindo lote limefumuka," Nurdini alisema kutoka mbele.

"Ndiyo hivyo, baba. Na niliulizwa kwanza. Sikusoma tu."

Mwanaidi alisogeza kiti nyuma, akaegemea. Alitaka kuamini, lakini kurasa mia moja na arobaini za mzee wa watu zilikuwa ndani ya weusi ule. Zablon akaandika jina la kuingilia na neno la siri, kisha akaandika amri fupi ya herufi mbili. Majina ya mafaili yakashuka kiooni, moja chini ya jingine.

"Kitabu cha Mwalimu Yoramu," alisema Mwanaidi. "Katiba ya kikundi. Barua ya Mbwana. Ratiba ya Pasaka."

Zablon aligeuka. Mwanaidi alikuwa amekaa palepale alipokuwa, ameegemea kiti, hatua nzima kutoka kwenye meza.

"Mama, umesoma?"

"Nimesoma."

"Kutoka hapo ulipo?"

Mwanaidi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anagundua. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Herufi zilikuwa nyeupe na nene juu ya weusi, hazikuchoma. Hapakuwa na kitu kingine kiooni cha kumvuta huku na kule. "Macho yamejua pa kwenda," alisema, na machozi yakaanza kumtoka, akawa anacheka na kuyafuta kwa upindo wa mtandio.

Zablon alikuwa amekwisha kupanga kichwani jinsi ya kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Akaiacha ile mipango. Badala ya kutoa vitu kutoka kwenye mashine iliyojaa, sasa angeanzia kwenye kioo cheusi na kuongeza kimoja kimoja, na kwa kila kimoja Mwanaidi angesema kama anakitaka.

Aliunganisha simu yake kwa waya ili apate mtandao, na kwanza kabisa akanakili mafaili yote kwenye flashi mbili, jambo ambalo alikiri alipaswa kulifanya asubuhi. Kisha akakuza herufi. Akaweka kitu kidogo cha kushika madirisha, kisicho na picha, kisicho na safu, kisichotoa taarifa. Akaweka programu ya kuandikia, ikafunika kioo chote, weusi nyuma na maandishi meupe mbele. Akaweka ya printa. Mwanaidi alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi akamkuta bado ameinama. Nurdini alileta wali na maharage kutoka kwa mama lishe wa jirani, wakala kwa zamu ili kibodi isimwagikiwe mchuzi.

"Mausi hutaihitaji tena," Zablon alieleza. "Shikilia kitufe hiki, halafu A, ni kuandika. C, kuchapisha. F, flashi. B, barua pepe. Basi."

"Na karata?" aliuliza Nurdini.

"K, baba."

Mwanaidi alishikilia kitufe, akabonyeza A. Ukurasa ulifunguka kabla hajarudisha vidole vyake mahali pake. Alibaki anautazama, maana miaka mingi alikuwa hajawahi kuufikia bila kusubiri. Zablon akamwonyesha kuwa mashine, ikiwa imewaka na kutulia, inatumia chini ya robo ya kumbukumbu iliyokuwa ikiimeza zamani. Hilo Mwanaidi hakulitilia maanani sana. Alikuwa anaandika jina lake, anafuta, anaandika tena.

Wiki ya kwanza haikuwa rahisi. Jumatatu peke yake alimpigia Zablon simu mara tatu, mara mbili kwa ajili ya flashi isiyotaka kutoka na mara moja kwa sababu alikuwa amebonyeza K. Msichana mmoja wa chuo alichungulia, akaona kioo cheusi, akasema, "Pole mama, kumbe mashine imekufa," akaenda zake duka la pili. Mwanaidi alimwita, hakusikia. Lakini kufikia Ijumaa vidole vilikuwa vimezoea, kama vilivyozoea zile mashine zisizo na herufi alipokuwa msichana, na wateja nao wakazoea kumwona akiandika kwa haraka kwenye kitu kisicho na rangi.

Lililobaki lilikuwa mwandiko wa Mwalimu Yoramu. Kioo kilikuwa kimerekebishika, lakini daftari lilibaki daftari, wino wa bluu uliofifia kwenye karatasi iliyopauka. Mzee alipokuja, Mwanaidi alimsalimia, akamkalisha, akamwambia ukweli wote kuhusu macho yake, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mteja yeyote.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Niliona aibu, Mwalimu."

"Aibu ya nini? Mimi nimewasomea watoto imla miaka thelathini na nane. Nitakusomea. Wewe andika."

Ikawa hivyo kila Jumanne na Alhamisi. Mwalimu alisoma kwa sauti ya darasani, akitaja nukta na mkato, na wateja waliongojea nguo zao kwa Nurdini walikaa kimya wakisikiliza habari za ukame, za walimu waliotembea kwa miguu kutoka Dodoma mjini, za kisima kilichotoa maji ya chumvi na kusababisha ugomvi wa miaka miwili. Mwanaidi na mzee waligombana kuhusu mkato.

"Hapo panahitaji mkato, Mwalimu."

"Hapahitaji."

"Msomaji atakosa pumzi."

"Atapumzikia kwenye nukta."

Mara nyingi mzee alishinda. Mara chache alirudi Alhamisi na kusema kwa sauti ya chini kwamba amelifikiria, na mkato uwekwe.

Zablon alipofika siku moja na kukataa kupokea malipo yoyote, Nurdini alimtazama mabega tu, hakumpima, na wiki iliyofuata akamkabidhi shati la kitenge lililomkaa kama ngozi. Zablon alilivaa hapohapo juu ya fulana yake. Mwanaidi alimshika mkono. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Nilikuwa nimeshajifungia mlango."

"Mama, mimi nilikosea siku ile."

"Ndiyo. Na mimi namshukuru Mungu kwa kosa lako."

Siku ya mwisho ya imla, Mwalimu Yoramu alifunga daftari la tatu, akatoa karatasi moja mfukoni.

"Ukurasa wa shukrani," akasema. "Andika. Namshukuru Mungu aliyenipa umri. Nukta. Namshukuru marehemu mke wangu Loisi mkato aliyetunza madaftari haya mvua ilipovuja. Nukta. Namshukuru binti Mwanaidi wa Kikuyu mkato ambaye…"

Vibonyezo vilinyamaza.

"Mbona sikusikii?"

"Mwalimu, hilo mimi siwezi kuliandika kwa mkono wangu."

"Mwandishi ni nani hapa?"

"Ni wewe."

"Basi andika. 'Ambaye aliona kazi yangu wakati kuona kwenyewe kulikuwa kazi.' Nukta. Na hapo mkato niliuweka kwa ajili yako, usije ukasema sikusikilizi."

Aliandika. Alichelewa kidogo, kwa kuwa herufi zilikuwa zinaogelea katika machozi, lakini aliandika. Kisha akaomba jina la Zablon liongezwe, na mzee akauliza huyo ni mtoto wa nani wa Haneti, na alipoambiwa akapiga kofi pajani: baba yake Zablon alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, mtoto mtundu, hodari wa hesabu. Jina likaongezwa.

Mwezi uliofuata Mwanaidi alirudi kliniki ya macho. Daktari alimpima, akalinganisha na karatasi za zamani, akasema uwanja wa kuona uko palepale, haujapungua. Mwanaidi aliuliza mara mbili ili awe na hakika. Njiani alimwambia Nurdini kwamba tangu asubuhi alikuwa ameshajiandaa kusikia mabaya, na sasa hajui aifanyie nini nafasi ile yote aliyoiacha moyoni.

Vitabu vilipotoka kiwandani, Mwalimu Yoramu aliwaalika Haneti. Ilikuwa Februari, mtama umefika magotini na vilima vimeota majani. Walikuta watu wamekaa uwanjani mwa shule, nakala zinapita mkono kwa mkono, na vijana wanawasomea wazee majina ya baba zao. Mwanaidi alipewa nakala yake, akaifungua. Herufi za kitabu zilikuwa ndogo mno kwake. Zablon, ndani ya shati lake la kitenge, akamsomea sikioni ukurasa wa shukrani, na hakukosea hata mkato.

Baadaye dada yake Mwalimu, Mama Yasinta, alimletea Nurdini jogoo aliyefungwa miguu, pamoja na kisu na sufuria jipya ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani.

"Ndugu zetu, tunajua taratibu zenu," alisema. "Hatukutaka kumgusa. Mchinje mwenyewe, na sufuria hili halijapikiwa kitu."

Nurdini alipokea kwa mikono miwili, akaenda kando kumchinja. Mwanaidi aliketi na wanawake wa nyumba ile jikoni, wakamfundisha jinsi wao wanavyokoroga mboga ya mlenda, na nyama ilipoiva wakala wote kwa ugali wa uwele, huku Mwalimu Yoramu akiwaeleza kwa mara nyingine habari ya kisima cha maji ya chumvi.